Vidonge vya maumivu vimenitawala, na moyo haufurahii kitu

Barua mbili za toleo hili zinahusu jambo moja, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Majina ya waandishi yamehifadhiwa kwa ombi lao.

SWALI

Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Morogoro, nina umri wa miaka 36, mke na watoto wawili. Mwaka 2021 nilipata ajali ya bodaboda, nikavunjika paja la kulia na kufanyiwa upasuaji wa kuwekewa chuma. Nilipotoka hospitali nilipewa tramadoli ya siku chache, na kwa kweli ilinisaidia, kwa sababu mguu huo ndio ninaokanyagia cherehani. Dawa ilipokwisha maumivu yalirudi, nikaanza kujinunulia katika duka la dawa ambalo hawaniulizi cheti. Nilianza na kapsuli 2 kwa siku, na leo nameza 10 hadi 12 za miligramu 50, ambazo nazificha ndani ya kopo la vifungo ili mke wangu asizione. Nikizikosa kwa siku moja napiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yananitoka, naharisha, miguu haitulii usiku kucha, na naingiwa na hofu nisiyojua inatoka wapi. Hivi karibuni nilianguka kazini, nikatetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu. Majirani walisema ni kifafa, wengine wakasema nimetupiwa jini. Kinachonitesa zaidi ni moyo. Sifurahii kitu, nguo za wateja zimelundikana, watoto wakinisemesha naona wananisumbua, na zipo siku naona heri nilale nisiamke. Nimejaribu kuacha kwa nia na kwa maombi, nikashindwa. Je, mtu kama mimi anaweza kupona?

JIBU

Ndugu yangu, ndiyo, unaweza kupona, na sikwambii hivyo kwa ajili ya kukupoza tu. Lakini kabla ya lolote jingine nakuomba tuanze na lile ulilolitaja mwishoni, kwamba zipo siku unaona heri usiamke. Jambo hilo lisikae kifuani mwako hata usiku mmoja zaidi. Mweleze mke wako, au ndugu yako, au kiongozi wa dini unayemwamini, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, kisha umkabidhi lile kopo la vifungo, ili yeye awe ndiye anayekupa kipimo cha siku mpaka utakapoonana na daktari. Wazo hilo likikujia kwa nguvu, au ukijikuta unapanga namna ya kulitekeleza, usisubiri miadi wala kupambazuke. Nenda hospitali ukiwa umesindikizwa, na useme wazi mapokezi kwamba unafikiria kujiua. Hiyo ni dharura ya kitabibu sawa na ile ya siku uliyovunjika paja.

Sasa nikueleze kilichokupata, maana mtu akielewa ugonjwa wake hupunguza kujilaumu. Tramadoli ni dawa ya jamii ya afyuni, jamii moja na mofini na heroini, ingawa nguvu yake ni ndogo zaidi. Ilitengenezwa Ujerumani na kuanza kuuzwa huko mwaka 1977, na kwa muda mrefu ilisifiwa kwamba haileti uraibu kirahisi, sifa iliyowaponza watu wengi. Inafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja: inashika vipokezi vya afyuni katika ubongo, na papo hapo inaongeza serotonini na noradrenalini, yaani kemikali zile zile ambazo dawa nyingi za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hulenga. Ndiyo maana mwanzoni ilikuondolea maumivu na kukuchangamsha pia, na ndiyo maana ukiikosa unapigwa mara mbili. Miayo, makamasi, kuharisha na miguu isiyotulia ni arosto ya kawaida ya afyuni, yaani mateso ya mwili ukiikosa dawa ulioizoea. Ile hofu usiyojua inatoka wapi, pamoja na moyo kuzama, huzidishwa na kushuka kwa kemikali hizo nyingine. Hukuleta hali hiyo kwa ulegevu wa imani wala wa tabia.

Ubongo ukipokea dawa hizi kila siku huzizoea, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Kwa njia hiyo kapsuli 2 zikawa 12. Liko na jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hushangaa kulisikia, kwamba dawa za jamii hii, zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu, zinaweza kuufanya mwili uhisi maumivu kwa ukali kuliko mwanzo. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya maumivu unayoyasikia leo haitoki tena kwenye mfupa, na kwamba unameza dawa ili kutuliza maumivu yanayochochewa na dawa hiyo hiyo.

Kuhusu kuanguka kwako, kipimo cha juu cha tramadoli kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, nawe unameza 500 hadi 600. Degedege ni hatari inayojulikana ya dawa hii, hasa kipimo kikizidi, au ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona kama amitriptilini na fluoksetini. Daktari atapima kama kuna sababu nyingine, lakini mtu asikupeleke kutolewa jini kabla hujapimwa. Mpaka wakati huo usiendeshe pikipiki, na usibaki peke yako na pasi ya mkaa. Pombe na vidonge vya usingizi kama diazepamu uviepuke kabisa, kwa sababu vikikutana na dawa ya jamii ya afyuni huzima pumzi mtu akiwa usingizini.

Umeandika kwamba ulijaribu kuacha ukashindwa, na nadhani ulijaribu kama wengi wanavyojaribu, kwa kuzitupa zote siku moja na kuapa. Usirudie njia hiyo. Arosto ya tramadoli kwa kawaida huanza ndani ya siku moja, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa takriban wiki moja au zaidi kidogo, na katika siku hizo watu wengi hurudi dukani wakiwa wamekata tamaa kuliko walivyokuwa. Njia iliyo salama ni kushuka ngazi kwa ngazi chini ya daktari. Kwa mtu aliyetumia kwa zaidi ya mwaka, mara nyingi kipimo hupunguzwa kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi kwa mwezi, na polepole zaidi mwili ukikataa. Wewe uliyepita kipimo cha juu na tayari umeanguka, daktari anaweza kuamua kukushusha kwa haraka mwanzoni akiwa anakuangalia kwa karibu. Uamuzi huo ni wake, usiufanye wewe mwenyewe nyumbani.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa na uulize kitengo cha afya ya akili. Ikihitajika, wao ndio watakaokuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo ina simu ya bure, namba 119, ambako unaweza kuuliza huduma iliyo karibu nawe. Ukifika mbele ya daktari, sema idadi halisi. Wagonjwa wengi huona haya, wakasema 4 badala ya 12, na matokeo yake hupangiwa ratiba isiyowafaa, wanaingia arosto wiki ya kwanza, kisha wanasema tiba imeshindwa. Beba zile pakiti tupu umuonyeshe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba sonona na uraibu vitibiwe pamoja. Utawasikia watu, hata baadhi ya wahudumu, wakisema acha kwanza vidonge, huzuni itaondoka yenyewe. Kwa wengine huondoka, lakini kwa mtu ambaye amefikia kutamani asiamke, kusubiri hivyo ni kumwacha mgonjwa njia panda. Sonona ina tiba ya mazungumzo na ina dawa, na dawa zake huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine wiki 6 au 8, kwa hiyo usizitupe siku ya kumi kwa kuona hazifanyi kazi. Lakini usijinunulie, kwa sababu ile hatari ya degedege niliyoitaja inamlazimu daktari achague dawa akijua unatumia tramadoli kiasi gani.

Mguu nao una haki yake, maana maumivu ndiyo yaliyoufungua mlango huu. Omba chuma kikaguliwe kwa eksirei na upelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Wakati unajenga misuli ya paja, tafuta uwezekano wa kufunga mota kwenye cherehani, au ukubaliane na fundi mwenzako yeye ashone nawe ukate nguo, ili kazi isiendelee kuutonesha mguu. Parasetamoli inaweza kusaidia bila kuleta uraibu, mradi usizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na umuulize daktari kama kiasi hicho kinakufaa. Usihamie kwenye diklofenaki kwa mkupuo, kwani huchimba tumbo na kuumiza figo.

Uliuliza kama mtu kama wewe anaweza kupona. Watu waliotumia heroini kwa miaka mingi, ambao mtaani waliitwa mateja na kukatiwa tamaa na jamaa zao, walianza kupewa tiba ya methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini, Muhimbili mwaka 2011, na wengi wamerudi kwenye kazi na familia zao. Methadoni huenda usiihitaji, maana kliniki zake zilianzishwa hasa kwa ajili ya waraibu wa heroini. Nimeitaja ili ujue kwamba waliokuwa wamezama kuliko wewe wametoka. Ubongo uliozoeshwa dawa huweza kuzoea tena kuishi bila dawa. Usingizi hurudi kwanza kwa vipande, hamu ya chakula hurudi, na baadaye mtu hujikuta ameketi akizungumza na watoto wake bila kuwaona ni kero. Ukiteleza katikati ya safari, rudi kliniki siku hiyo hiyo, wala usihesabu kwamba umeanza upya. Maombi yako nayo endelea nayo, yakiambatana na hospitali.

Na kwa wauzaji wa maduka ya dawa wanaosoma safu hii, naomba niseme bila kumung'unya maneno: tramadoli ni dawa ya kutolewa kwa cheti cha daktari, na anayemuuzia mtu dawa hiyo mwaka baada ya mwaka bila kumuuliza chochote anashiriki kumwangamiza.

SWALI

Mshauri, mume wangu ni dereva wa lori hapa Tanga. Alizoea vidonge vya maumivu ya mgongo, akapelekwa hospitali, akapunguziwa polepole, na sasa ni mwezi wa pili hajameza hata kimoja. Nilitarajia furaha, badala yake amekuwa kimya, hali vizuri, anaamka saa tisa usiku na kukaa barazani mpaka asubuhi. Mashemeji wanasema amekuwa mvivu. Nimhimize arudi kazini?

JIBU

Dada yangu, kwanza hongera kwa mumeo na kwako, maana kupunguziwa dawa mpaka ikaisha ni kazi kubwa kuliko mashemeji wanavyodhani. Ukimya na kukosa usingizi baada ya kuacha ni jambo la kawaida kwa wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi, wakati ubongo unarudisha mizani yake. Lakini hali ya huzuni, kukosa hamu ya chakula na kuamka usiku wa manane ikidumu kwa zaidi ya wiki mbili, inapaswa kupimwa kama sonona, na mumeo amefika hapo. Usimhimize kuendesha lori kwa sasa, kwani dereva asiyelala ni hatari kwake na kwa wengine barabarani. Apewe shughuli nyepesi za mchana, atembee juani, alale na kuamka kwa saa zile zile.

Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi humpa mlango wa kusema. Ujue pia kwamba mwili wake sasa umepoteza mazoea, na kipimo alichokuwa akikimeza zamani kinaweza kumuua akikirudia leo. Kwa hiyo vidonge vyovyote vilivyosalia nyumbani au kwenye lori virudishwe hospitali. Ukimkuta haamshiki, anapumua kwa mbali na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimnyweshe maziwa wala kitu kingine, mkimbize hospitali na uwaambie alichomeza, ili wajue kama wamchome naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya afyuni mwilini.

Ombeni miadi wiki hii, na uingie naye chumbani kwa daktari iwapo ataridhia. Mambo kama hayo ya baraza la saa tisa usiku, mgonjwa wa sonona mara nyingi hayasemi mwenyewe.