Ndoa na mgeni: jua unaishi kwa kibali cha nani

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaotaka kuoana na mtu wa nchi nyingine ni hili: "Pasipoti yake nitaipata baada ya muda gani?" Naelewa linakotoka, lakini huwa nawarudisha nyuma. Kabla ya pasipoti kuna uraia, kabla ya uraia mara nyingi kuna ukaazi wa kudumu, na kabla ya ukaazi wa kudumu kuna miaka ya kuishi kwa kibali cha muda ambacho kimefungwa kwenye ndoa yako. Miaka hiyo ndiyo watu huingia bila kuulizia. Nimeishi kama mke wa kigeni katika nchi isiyo yangu, na karibu yote ninayoweza kukushauri nimeyapata humo.

Cheti cha ndoa kinakupa haki ya kuomba tu. Uraia unakuja kwa masharti ya kila nchi, na masharti hayo hayafanani hata kidogo. Hispania humruhusu mume au mke wa raia wake kuomba uraia baada ya kuishi huko kihalali mwaka 1. Ujerumani kwa kawaida inataka miaka 3 ya kuishi nchini na ndoa iliyofikisha angalau miaka 2. Ufaransa inahesabu miaka 4 ya ndoa, na 5 kwa baadhi ya walioishi nje ya nchi. Kenya, kwa Katiba ya 2010, inataka ndoa iliyodumu miaka 7, awe mume au mke. Tanzania, chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake nyepesi ya kuomba, ilhali mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania anapita njia ndefu ya tajnisi, yaani kuomba uraia kwa sababu ya kuishi nchini, kama mgeni mwingine yeyote. Mimi naona huko ni kuwaonea wanawake raia, maana haki inayonyimwa hapo ni ya mke kuishi na mumewe nyumbani kwake.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nchi nyingi zilimhesabu mke kuwa raia wa kule anakotoka mumewe, atake asitake. Marekani yenyewe, kwa sheria ya 1907, iliwavua uraia wanawake wake walioolewa na wageni, na sheria hiyo ikaanza kulegezwa mwaka 1922. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1957 kuhusu uraia wa wanawake walioolewa ndio uliosema kwamba kufunga ndoa au kuivunja kusibadilishe uraia wa mke bila hiari yake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "ukiolewa naye umeshakuwa raia wa kwao", ujue anazungumzia sheria za enzi za mabibi zetu.

Sasa nirudi kwenye kibali. Unapoingia kama mwenza, mara nyingi kukaa kwako kunasimama juu ya mambo matatu: ndoa iwe hai, muishi pamoja, na mwenza awe na kipato kinachotakiwa. Uingereza, kwa mfano, imepandisha kiwango hicho hadi pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600. Marekani mwenza hutia saini ahadi ya kukugharamia, na ahadi hiyo haifutwi na talaka. Ukipata ukaazi wa Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka 2, unapewa kadi ya masharti ya miaka 2, na ndani ya siku 90 za mwisho inabidi muombe pamoja masharti yaondolewe. Fikiria maana yake: katikati ya ugomvi wa nyumbani, saini ya mwenzako ndiyo inayotakiwa kwenye fomu yako.

Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kama wewe ndiye uliyehama. Nimewaona watu wakivumilia matusi, wengine vipigo, kwa kuwa waliambiwa, "Ukiondoka hapa, kesho unarudishwa kwenu." Mara nyingi maneno hayo si ya kweli. Ujerumani, mkishaishi pamoja huko miaka 3 katika ndoa, unaweza kupata kibali chako mwenyewe hata mkitengana, na muda huo unaweza kusamehewa palipo na mateso. Marekani, tangu sheria ya 1994, mwenza wa raia au mkaazi wa kudumu aliyedhulumiwa anaweza kujiombea mwenyewe bila yule anayemdhulumu kujua, na aliyepewa talaka anaweza kuomba masharti ya kadi yaondolewe bila saini ya mwenza, akithibitisha ndoa ilikuwa ya kweli. Uingereza nayo ina njia ya ukaazi kwa mwenza aliyekimbia ukatili. Zitafute kanuni hizi kabla hujasafiri, wakati mapenzi bado ni matamu. Kumpenda mtu hakukuzuii kujua mlango wa kutokea uko wapi, na mwenza anayekutakia mema atakaa nawe mzisome pamoja.

Pasipoti yako ikae mikononi mwako, pamoja na kadi yako ya ukaazi, cheti cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha ndoa. Mume wangu na mimi kila mmoja ana faili lake, na lile la tatu ni la pamoja. Lile la pamoja ndilo lililotubeba: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, taarifa za benki, bili, barua za bima, picha za miaka tofauti zenye ndugu wa pande zote. Usisubiri tarehe ya kuomba ndipo uanze kukusanya. Ndoa za karatasi, zinazofungwa ili kupata kibali tu, zipo, maafisa wanazijua, na kwa sababu hiyo hata wenye ndoa za kweli wanahojiwa kwa ukali.

Kwenye usaili tulitenganishwa. Niliulizwa nani huamka kwanza, mama mkwe anaitwa nani, mara ya mwisho tulikula nini pamoja, dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi. Wenzetu waliokariri majibu usiku kucha walijikuta wanababaika pale mmoja aliposahau. Jibu unachokijua, na usichokijua sema hukijui. Watu wa nyumba moja hawajui kila kitu cha mwenzake, na afisa anaelewa hilo. Kudanganya jambo dogo kunaweza kuchafua faili zima, na uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa hata miaka mingi baadaye.

Karatasi zenyewe huchelewesha watu kuliko sheria. Mimi jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lilimalizikia na herufi "u", kwenye pasipoti halina. Herufi moja hiyo ilisimamisha maombi yangu mpaka nikaleta kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kimetafsiriwa na mtafsiri anayetambuliwa, kikagongwa mihuri. Kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, cheti chako kinatosha kuwekewa apostili, yaani uthibitisho mmoja wa serikali unaotambuliwa na nchi za mkataba huo. Kama moja haimo, jiandae kwa mzunguko: wizara ya mambo ya nje kwanza, kisha ubalozi. Angalia pia tarehe, kwani nchi nyingine hazipokei cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa kilichopita miezi michache. Na safari zako ziandike: Uingereza, mwenza wa raia anayeomba uraia kwa kawaida asiwe nje zaidi ya siku 270 katika miaka 3, na 90 katika miezi 12 ya mwisho. Marekani mwenza wa raia anaomba baada ya miaka 3 ya ukaazi, na nusu ya muda huo awe yumo nchini. Mihuri ya pasipoti hufifia, daftari halifichi kitu.

Tukija kwenye uraia pacha, hapa watu huumia kimyakimya. Uliza maswali mawili: nchi mpya inakutaka ukane uraia wa zamani? Na nchi yako inakuvua ukichukua mwingine? Majibu yanaweza kupingana. Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu tarehe 27 Juni 2024, lakini ruhusa hiyo haimsaidii Mtanzania mtu mzima, maana sheria ya kwao ndiyo inayomkatalia. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine, ila anatakiwa kuutangaza ndani ya miezi 3. India, China, Japani na Singapore hazikubali mtu mzima kushika mbili, ingawa India humpa aliyekuwa raia wake kadi maalumu ya ukaazi. Uholanzi kwa kawaida inataka ukane, lakini inamsamehe aliyeoana na Mholanzi.

Usikane uraia wako kabla nchi mpya haijakupa hakikisho la maandishi kwamba itakupokea. Anayetangulia kukana, kisha maombi yakakataliwa, anabaki bila nchi hata moja. Na kama ukaazi wa kudumu unakutosha kwa kazi, matibabu na familia, si lazima uende mbele zaidi. Fikiria shamba la urithi, wazazi wanaozeeka, haki ya kurudi bila kuomba viza. Wapo waliopata pasipoti nzuri ya kusafiria kisha wakajikuta wanalipia viza kwenda kumzika mama. Pia ujue kwamba ukiwa na mbili, ubalozi wa nchi moja hauna nguvu kubwa ya kukutetea ndani ya nchi ile nyingine, kwa kuwa huko wanakuhesabu mtu wao. Ukichukua ule wa Marekani, kodi itakufuata popote utakapoishi.

Watoto wasajilini kwenye nchi zote mbili mapema, wakati vyeti vyote vipo na wazazi wote wawili wanaweza kutia saini. Chunguzeni pia umri wa kuchagua. Tanzania humwachia mtoto uraia wa pande mbili mpaka miaka 18. Japani, aliyepata uraia wa pili akiwa mtoto huchagua kabla ya kutimiza 20. Mwambieni mapema, miaka kadhaa kabla, kwa sababu atakayechagua ni yeye, na vyeti vya kuchagulia viko kwenye faili lenu.