Jibu: Mwaka wa wimbo au mwaka wa tukio?

Salama mkuu. Umekwama kama bango la usiku wa kumbukumbu pale Sinza liandikwe 1979 au 1980 kwa "Zimbabwe" ya Bob Marley. Yote mawili ni kweli, ila ni mambo mawili. Wimbo ulitoka 1979 kwenye albamu ya Survival, vita vya ukombozi wa Zimbabwe bado vinapiganwa. Usiku wa kuamkia Aprili 18, 1980 ndipo akaupiga uwanja wa Rufaro, Harare ya leo, kwenye sherehe za uhuru wa nchi hiyo, mabomu ya machozi yakirindima.

Mimi nilinasa kwa "Soweto Blues", nikaandika 1976. Mzee mmoja akalisoma bango, soda mkononi, akaniuliza: "Kijana, wanafunzi wameuawa asubuhi, wimbo umetoka jioni?" Nikakosa pa kuficha uso. Maandamano ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, yalikuwa Juni 16, 1976. Wimbo wa Hugh Masekela, ulioimbwa na Miriam Makeba, ukatoka 1977.

Kwa hiyo anza na tukio, ndipo utafute wimbo. Mwaka uliochapwa kwenye santuri usiuamini haraka, mara nyingine ni wa toleo la pili. Ningekuwa wewe ningeweka 1980. Rufaro ina hadithi, na wazee wa Sinza wanapenda hadithi kuliko albamu.