Kubadilisha kadi ya gari TRA hakubadilishi bima
Ndugu, aliyegongwa na gari lililokwisha kuuzwa huku bima ikiwa bado kwa jina la muuzaji hana uhakika wa kulipwa na kampuni ya bima hiyo, iwe ni bima ndogo (ya mtu wa tatu) au kubwa, kwa sababu mkataba wa bima ni wa kampuni na mtu, haufuati gari. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, huilazimisha kampuni kulipa tuzo ya mahakama, yaani fidia iliyoamriwa, dhidi ya mtu aliyekatiwa bima, na mnunuzi ambaye kampuni haikuwahi kuarifiwa habari zake ni vigumu kuingia humo. Mwaka 1938 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Peters dhidi ya General Accident, iliamua kwamba mnunuzi halindwi na kipengele cha bima kinachomhusu anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima, kwani haendeshi kwa ruhusa ya muuzaji, bali kwa kuwa gari ni lake. India wana utaratibu wa kibinadamu zaidi, nadhani: sheria yao ya mwaka 1988 huhesabu bima kuwa imehamia kwa mnunuzi tangu siku ya mauzo, ingawa kwa madai ya mtu wa tatu tu, yaani aliyedhurika asiye sehemu ya mkataba wa bima.

Hata hivyo, dai la aliyegongwa lisiachwe kabla ya kusoma mkataba wa mauzo na kulinganisha tarehe zake na siku ya ajali, kwani pengine umiliki ulikuwa haujapita, au kampuni ilikwisha kumwingiza mnunuzi kwenye bima. Kwenye yadi za Dar, wengi huondoka na kadi, funguo na stika ya bima iliyo hai, bila yeyote kumpigia wakala wa bima.