Maswali yenu: Projekta ipo, slaidi zipo, mbona bado wanasinzia?

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari, huu mwaka wa nne. Tulipata projekta na laptopu nikajitosa mzima mzima, nikahamisha notisi zangu zote kwenye slaidi, nikaweka picha, rangi, mpaka yale maandishi yanayoingia yakiruka. Wiki za mwanzo walichangamka kweli, sasa hivi nikizima taa tu nusu ya darasa wamelala, na matokeo ya muhula ni yaleyale. Mkuu wa shule kaniuliza hiyo teknolojia imesaidia nini nikabaki natazama chini. Nakosea wapi?*
— Mwalimu wa gizani

Marahaba mwalimu, na hilo jina ulilojipa limenichekesha lakini ndo penyewe hapo. Ulichofanya ni kuchukua ubao ukautia umeme. Zamani wanafunzi walikaa wanakutazama ukiandika, sasa wanakaa wanatazama slaidi, tena gizani! Kazi yako imebadilika, yao haijabadilika hata kidogo, na anayetakiwa kujifunza ni wao.

Usijisikie vibaya maana hili limewakuta wakubwa. Kuna profesa wa fizikia pale Harvard anaitwa Eric Mazur, alikuwa anafundisha vizuri tu kwa mihadhara, wanafunzi wanampa alama za juu, mitihani ya hesabu ndefu wanafaulu. Kama mwaka 1990 hivi akasoma utafiti wa wenzake uliosema wanafunzi wanamaliza kozi ya mekanika bila kuelewa mambo ya msingi kabisa, akajisemea hao ni wa kwingine sio wangu. Akawapa wa kwake mtihani uleule, maswali ya maneno tu, hesabu hakuna. Mfano wa maswali ya aina hiyo: lori zito limegongana uso kwa uso na gari dogo, lipi limepata kani kubwa zaidi? Sheria ya tatu ya Newton kila mmoja anaikariri, kani ni sawasawa, lakini ukiuliza hivyo wengi wanakwambia gari dogo ndo limepata kubwa, si ndo limebondeka? Mwanafunzi mmoja akamuuliza Mazur ajibu kwa vile alivyofundishwa au kwa vile yeye mwenyewe anavyofikiri. Hebu lisome tena hilo swali. Yaani kichwani mwake kulikuwa na fizikia mbili, moja ya mtihani na moja ya maisha, na mhadhara ulikuwa unalisha ile ya mtihani peke yake.

Basi akabadilisha, na hiki ndo nataka uibe. Unafundisha kidogo, dakika 10 zinatosha, unasimama, unaweka swali moja la kuchagua. Kila mtu anafikiri peke yake kimya dakika moja au mbili halafu wote wanapiga kura kwa pamoja. Wakipata jibu sahihi wachache sana, tuseme chini ya asilimia 30, usilazimishe mjadala, maana hakuna wa kumsaidia mwenzake, rudi ueleze upya. Wakipata zaidi ya 70 eleza kwa kifupi songa mbele. Utamu uko hapo katikati, unawaambia tafuta jirani mwenye jibu tofauti na lako umshawishi. Kelele zitapanda, ziache. Dakika mbili tatu, kura ya pili, na mara nyingi jibu sahihi linapanda kwa kasi ya kushangaza, kwa sababu mwenzake aliyeelewa juzi bado anakumbuka alipokuwa amekwama, wewe uliyeelewa miaka mingi iliyopita umeshasahau.

Na sio hadithi ya darasa moja. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alikusanya matokeo ya kozi 62 za fizikia, wanafunzi 6,542, wamepimwa mwanzo na mwisho. Kwenye madarasa ya kusikiliza tu, wanafunzi walijifunza kama asilimia 23 ya kile ambacho mwanzoni hawakukijua, kwenye madarasa ya kujibishana na kushiriki ilikuwa kama 48. Mara mbili hiyo!

Ugumu ni kutunga swali, na hapo nakuonea huruma kidogo kwa sababu swali zuri linakula muda kuliko slaidi 20. Usitunge majibu ya uongo kichwani mwako, yatoke kwenye madaftari yao. Ukiona watatu wameandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, hilo ni chaguo B tayari. Ukiona mtu anasema 0.45 ni kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 45 inazidi 5, umepata swali zima. Mwenzako wa baiolojia mwambie aulize mti mkubwa ukishakauka uzito wake mwingi umetoka wapi, udongoni, kwenye maji au hewani, halafu akae pembeni atazame vita (jibu ni kaboni iliyotoka kwenye kaboni dayoksaidi ya hewani na maji yakachangia, ila watu wazima wengi watakwambia udongo). Projekta usiitupe, iache ioneshe swali na ile picha usiyoweza kuichora. Slaidi nyingine futa. Na washa taa jamani.

*Mwl habari, nimesoma mambo ya kura darasani ila wenzetu wanatumia vifaa vya kubonyeza na kila mtoto ana tableti. Mimi nina wanafunzi 74 na simu moja ambayo ni yangu. Hizi mbinu si za matajiri tu?*
— Mwenye simu moja

Nzuri tu ndugu yangu. Hapana, sio za matajiri, na nina ushahidi mzuri. Nathaniel Lasry, wa Kanada, mwaka 2008 alilinganisha darasa linalopiga kura kwa vifaa vya kubonyeza na darasa linalonyanyua kadi za karatasi, mbinu ileile, maswali yaleyale. Kwenye kuelewa hakukuta tofauti ya maana. Kifaa kinamrahisishia mwalimu kuhesabu na kutunza kumbukumbu, mwanafunzi anachonufaika nacho ni kule kulazimika kuchagua jibu na kulitetea.

Kwahiyo kila mtoto achukue karatasi aikunje mara mbili, apate pande nne, A, B, C, D kwa herufi kubwa. Ukisema tatu wote wananyanyua kwa pamoja wakiwa wameishika karibu na kifua ili jirani asione, watu 74 utawasoma kwa sekunde chache tu, huhitaji namba kamili, unataka kujua ni wengi, wachache au wamegawanyika. Ile kauli ya "mmeelewa?" iache kabisa, maana "ndioooo" ya darasa zima haijawahi kumwambia mwalimu chochote.

Simu yako kama ina intaneti jaribu programu ya Plickers, kila wawili wanakuwa na karatasi moja yenye alama yake (kadi zake zinaishia 63, hazitoshi watoto 74), wanaigeuza kulingana na jibu wanalotaka, wewe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa inasoma nani kajibu nini. Karatasi unachapa mara moja tu. Kuna pia PhET, simulesheni za sayansi na hesabu zilizoanzishwa 2002 na Carl Wieman pale Chuo Kikuu cha Colorado, za bure, unaweza kuzishusha ukazitumia bila mtandao, saketi za umeme, gesi, mawimbi, vyote vimo.

Ila hapa nitie neno, maana walimu wengi tunaharibu hapa. Mazur na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2004 kuhusu majaribio ya kuonesha darasani, yale tunayopenda kuyafanya mbele watoto wakashangaa. Waliotazama tu hawakuelewa zaidi ya wale ambao hawakuona kabisa! Walioambiwa watabiri kwanza kitatokea nini, ndo wakaoneshwa, hao walielewa zaidi. Kwahiyo kabla hujabonyeza chochote kwenye hiyo simulesheni, kidole hewani, kila mtu aandike anadhani taa itawaka zaidi au itafifia. Halafu bonyeza.

*Mambo mwalimu. Mi ni mwanachuo mwaka wa pili. Tuna lekchara mpya yeye hafundishi, anatuma vidio tuangalie nyumbani, tukija darasani anatupanga kwenye magrupu tunabishana, yeye anazunguka tu. Ada tumelipa atufundishe tunafundishana wenyewe! Yule wa mwaka jana alikuwa anashuka madini unatoka umeiva. Tunafikiria kumshtaki kwa mkuu wa idara.*
— Sijaiva

Poa mdogo wangu, ngoja kwanza na hiyo barua ya mashtaka. Kutoka umeiva na kujisikia umeiva ni vitu viwili. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard, Louis Deslauriers na wenzake, waliwafanyia wanafunzi wa fizikia hivi: wakagawanywa, wengine somo wakapewa kwa mhadhara mtamu wa mwalimu mzoefu, wengine wakapewa lilelile kwa kuhangaika kwenye magrupu, halafu wakabadilishana kwa somo lililofuata. Wakaulizwa wapi umejifunza zaidi, wakasema kwenye mhadhara. Wakapewa mtihani, waliohangaika ndo walipata zaidi. Mhadhara ukiteleza vizuri akili yako inachukua ufasaha wa mwalimu inadhani ni wa kwake, na ukikwama kwenye grupu unahisi hujui kitu, kumbe pale unapokwama ndo kazi inafanyika.

Ni sawa na kusoma notisi mara nne nne. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, kundi moja likakirudia kukisoma, jingine likafunga karatasi likajaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Sasa mtihani wako unakuja baada ya dakika 5 kweli?

Na kuna uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi, uliotoka 2014 ukiongozwa na Scott Freeman, unaonesha walio kwenye mihadhara mitupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ukilinganisha na wa madarasa ya kushiriki. Ukimshtaki lekchara wako uwe na hoja nzito.

Lakini sikukatalii yote, kuna sehemu una haki. Kama vidio zake ni za saa nzima, hilo ni kosa, watafiti waliopitia mamilioni ya rekodi za watazamaji wa kozi za mtandaoni za edX mwaka 2014 waliona vidio fupi zisizozidi dakika 6 ndo watu wanazimaliza. Na kama mnabishana mpaka kipindi kinaisha bila yeye kufunga mjadala na kusema jibu ni hili kwa sababu hii, basi huo ni uvivu wake na mwambieni. Mwambieni yeye kwanza, mkuu wa idara baadaye.

*Mwalimu, naendesha kwizi za Kahoot, ile programu ya mashindano ya maswali kwenye simu, kila ijumaa, watoto wanapenda mpaka wanaruka juu ya madawati, ila washindi ni walewale watatu na wengine nimegundua wanabonyeza tu bila kusoma. Niache?*

Usiache, punguza mbio. Ile programu inatoa pointi kwa kasi, kwahiyo anayefikiri pole pole anaadhibiwa. Refusha muda wa swali, tumia maswali yasiyo na pointi, wapange wawili wawili kwa simu moja ili wabishane kabla ya kubonyeza. Na swali likikosewa na wengi simama hapohapo mlijadili, msikimbilie lijalo kwa sababu muziki umeanza!

*Shule ya mwanangu inataka wazazi tununue tableti kwa kila mtoto, wanasema matokeo yatapanda. Ni kweli?*
— Mama wa wawili

Mama, tableti peke yake, hapana. Peru waligawa laptopu nyingi sana kwa watoto kupitia mpango wa One Laptop per Child, tathmini iliyotoka 2012 ilipima shule 319 za vijijini haikuona dalili yoyote kwamba alama za hesabu na lugha zimepanda. OECD, shirika la nchi zilizoendelea linalopima elimu, nao mwaka 2015 walisema nchi zilizomwaga pesa nyingi kwenye kompyuta za shule hazikuonesha maendeleo ya kuonekana kwenye kusoma, hesabu wala sayansi. Nenda kwenye kikao uulize swali moja tu: mtoto atafanya nini na hiyo tableti ambacho leo hafanyi, na mwalimu kaandaliwaje? Wakikujibu atasoma vitabu humo, basi kitabu anacho tayari.

*Mwl mi nauliza maswali sana darasani lakini nikiuliza wanakaa kimya kama wamemwagiwa maji, mwishowe najijibu mwenyewe.*
— Najijibu

Pole mwenzangu, sote tumepita hapo. Unasubiri muda gani kabla ya kujijibu? Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alirekodi madarasa mengi miaka ya 1970 akakuta walimu kwa wastani wanasubiri kama sekunde moja tu, halafu wanarudia swali, wanamtaja mwingine au wanajibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto yakarefuka, wasiojibu wakapungua, na wale walioonekana wazito wakaanza kusema. Watoto wako sio wajinga, wamekujua, wanajua wakinyamaza kidogo utajijibu.

Kesho uliza halafu hesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, macho yako dirishani ukipenda. Itakuwa ndefu kama mwaka na mikono itakuwasha ushike chaki. Usiishike.