Mdau wa kirikuu, simtank la lita 500 achana nalo

Juzi mdau mmoja wa Mbezi kanitumia meseji, kapata kirikuu, Suzuki Every ile ya boksi, anataka kuanza kazi ya kusafisha vioo vya majumba na maofisi kama mimi, anauliza aweke tanki la lita ngapi maana yeye anawaza 500. Najibu hapa hapa kwa sababu najua mko wengi mnaoiwaza hii kazi.

Ndugu yangu, 500 hapana. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hivi vigari vya Kijapani vya cc 660 mwisho wake ni kilo 350 za mzigo, sasa hapo bado betri, pampu, mpira wa maji na ngazi juu ya keria. Mimi nina lita 200 na nyumba nzima ya ghorofa inaisha na maji yanabaki. Tanki langu liko mgongoni mwa siti, sio kule mlango wa nyuma, maana uzito ukienda nyuma kabisa usukani unakuwa mwepesi mpaka unaogopa. Fundi wa Gerezani alitaka kulichomelea kwenye bati la sakafu, tukabishana sana, nikamwambia kaka mimi nataka fremu ya chuma na bolti ziingie mpaka kwenye chesisi, hutaki naenda kwa jirani yako. Akafanya. Siku daladala limekuchomekea pale Mwenge ukakanyaga breki ya ghafla, kilo 200 za maji zikija mgongoni ndo utanielewa. Na kumbuka injini ya Every iko chini ya siti za mbele, acha nafasi siti ifunuke, la sivyo kila ukimwaga oili unashusha ofisi nzima.

Ila kikubwa ni maji yenyewe, na hapa nina uchungu wangu. Zamani nilikuwa na ndoo na brashi tu, nikaenda apatimenti moja Masaki kuomba kazi, msimamizi akaniambia mbele ya walinzi "hapa hatuchukui watu wa ndoo." Nilirudi na daladala nimenyamaza njia nzima, na mpaka leo nikipita lile geti nalikumbuka lile neno. Lakini nikakaa nikajiuliza kwa nini vioo vya ukanda ule havitakati hata vikisuguliwa kila wiki. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na maji wanayooshea ni ya kisima, yana chumvi vile vile, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe. Kwa hiyo mimi maji nachuja nyumbani usiku, yanapita mashine ya RO kama ile ya watu wa maji ya kunywa, inayosukuma maji kwenye chujio laini sana chumvi nyingi ikabaki, halafu mtungi wa resini, vile vipunje vinavyonasa chumvi iliyobaki, asubuhi napima kwa kile kipimo cha TDS, kinachoonyesha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kikisoma chini ya 10 napakia. Maji hayo yakikauka hayaachi kitu, hufuti hata na kitambaa, unasimama chini na fito yako ndefu yenye brashi inayotoa maji unafika ghorofa ya pili bila kupanda ngazi. Na kwa nyumba zetu zenye grili kila dirisha, brashi inapita palipomshinda mwenye mpira wa kufutia.

Mwezi uliopita ile ile apatimenti wamenipigia wenyewe. Nimechukua jengo zima, nasema kwa kifua mbele kabisa.

Vijana wenzangu, mnaanza na stika ya gari na tisheti zenye logo wakati pampu huna! Mteja anaangalia kioo chake. Anza na maji. Pampu ya volti 12 inatosha, ila ipe betri yake pembeni usinyonye ile ya kuwashia gari, hutaki kuomba watu wakusukume mbele ya geti la mteja. Na narudia, anza na maji, mengine yatafuata, heshima ya kazi hii haiji kwa kuongea.

Wewe wa Mbezi, kabla hujanunua chochote nunua kile kipimo, ni kidude kama kalamu, pima maji ya kisima chako uniandikie namba. Ikiwa kubwa usiyapitishe moja kwa moja kwenye resini, itakufa mapema na resini ni hela, RO itangulie.