Mbwa na matunda: majibu ya maswali yenu msimu huu wa maembe

Tangu maembe yaanze kushuka bei maswali ya matunda yamezidi hata yale ya kupe, kwa hiyo leo najibu haya tu. Kabla sijaanza kuna jambo moja linawahusu wote mlioandika, mbwa wako hahitaji matunda ili aishi vizuri. Ini lake linatengeneza vitamini C lenyewe, siyo kama sisi, hivyo ukimpa tunda unampa raha tu na raha hiyo pamoja na biskuti na vitu vingine vya kumfurahisha visizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwenye chakula chake cha siku. Kwa mbwa wa kawaida hiyo ni vipande vichache vidogo, tena siyo kila siku.

"Tuna mwembe uani hapa Mbezi, mbwa anaokota maembe yaliyoanguka na kula mwenyewe. Niache?"

Usiache dada. Nyama ya embe haina sumu, ukimenya ukamkatia vipande viwili vitatu atafurahi na hakuna kitakachotokea, shida ni kokwa. Mbwa wengi wanamung'unya kokwa mpaka likawa linateleza halafu wanalimeza zima, linafika kwenye utumbo linakwama pale, na hapo dawa ya kunywa haisaidii, ni kupasuliwa. Dalili zake ni kutapika kila anachokula hata maji, tumbo kuuma ukiligusa, kukosa choo au kujikamua bila kutoa kitu. Ukiziona hizo usisubiri kesho. Halafu maembe ya chini ya mti mengi yameshaanza kuchacha, na tunda likichacha linatoa pombe kwa hiyo mbwa anaweza kulewa kabisa, anayumba, anatapika, na mwili wa mbwa haustahimili pombe kama wa mtu. Okota maembe asubuhi kabla hujamfungulia. Ganda nalo toa, ni gumu kusagika tumboni.

"Naomba orodha fupi ya matunda ambayo naweza kumpa bila wasiwasi." (Nakuru)

Tikiti maji bila mbegu na bila ganda, hili ndo nalipenda kuliko yote maana ni karibu maji matupu, na siku ya joto mbwa analifurahia sana. Papai bivu bila mbegu na ganda. Nanasi kipande kidogo, usimpe ule moyo mgumu wa katikati. Ndizi mbivu vipande vichache maana ina sukari nyingi, kama mbwa wako ni mnene au ana kisukari iache kabisa. Tufaha sawa ila toa kile cha katikati chote, mbegu zake zina kitu ambacho zikitafunwa kinatoa sayanaidi. Chungwa kipande kimoja halina neno kama analipenda, ila ndimu na limao hapana.

"Niko Dodoma, zabibu huku ni nyingi na za bei rahisi, jirani anampa mbwa wake kila msimu na hajafa. Kwa nini mnakataza?"

Hapa naomba unisome taratibu kaka, na hata wewe usiye na zabibu karibu endelea kusoma. Zabibu mbichi na zabibu kavu zinaweza kuua figo za mbwa. Siyo kila mbwa, na hapo ndo ugumu ulipo, mmoja anakula kichala kizima asipate kitu na mwingine anakula chache anaishia kwenye dripu, na hakuna anayeweza kukuambia mapema wako ni yupi. Wa jirani hajadhurika mpaka leo, hiyo haimlindi kesho.

Miaka mingi madaktari walijua zinaua bila kujua kitu gani ndani yake. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu wa ASPCA, shirika la kutetea wanyama kule Marekani, wakaeleza kwamba wanaishuku asidi ya tatariki iliyomo ndani ya zabibu, na walifika hapo kupitia mbwa aliyekula udongo wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani kwa ile poda nyeupe ya kuokea keki, krimu ya tata, ambayo imejaa chumvi ya asidi hiyohiyo. Figo zake ziliharibika vilevile kama za mbwa waliokula zabibu. Walipoendelea kufuatilia wakakuta na mbwa waliokula ukwaju wamepata yaleyale.

Ukwaju jamani. Orodha nyingi za hatari kwa mbwa zimeandikwa na watu ambao ukwaju hawaupiki, kwa hiyo hautajwi, na sisi tunao kila nyumba, kwenye juisi, kwenye achari, kwenye mchuzi wa bajia, Mwezi Mtukufu ndo usiseme, na makapi yake yaliyokamuliwa yanamwagwa nje pale mbwa anapolala. Naomba sana muanze kuyafunga kwenye mfuko na kuyatupa mbali. Keki, mkate na pilau lenye zabibu kavu nalo usimpe, hata kama umezichambua.

"Mbwa amekula zabibu kavu za mtoto, pakiti nzima, saa moja iliyopita. Nimpe maziwa au maji ya chumvi atapike?" (Morogoro)

Huyu nilimjibu palepale, naweka hapa kwa ajili ya wengine. Maziwa hayaondoi sumu hii. Maji ya chumvi usimpe kabisa, chumvi nyingi ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza, na mafuta ya kula ukimlazimisha yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpigie daktari wa mifugo na umpeleke sasa hivi, saa mbili za mwanzo ndo zina faida kubwa kwa sababu dokta anaweza kumtapisha kwa sindano kabla zabibu hazijasagika, kisha atamwekea dripu na kupima damu aone figo. Beba na pakiti uende nayo. Usisubiri dalili, kutapika na kukataa chakula kunaanza ndani ya siku ya kwanza ila figo kuharibika kunaonekana siku moja mpaka tatu baadaye, na mbwa akishaacha kukojoa kumwokoa kunakuwa kugumu sana.

"Parachichi? Huku Njombe yanadondoka tu." 

Ile sumu ya parachichi inayosemwa inaumiza zaidi ndege, mbuzi, sungura na farasi, mbwa anaistahimili kuliko hao, kwa hiyo akilamba kipande usipanike. Lakini mimi sikushauri umpe. Lina mafuta mengi yanayoweza kuchokoza kongosho, na lile kokwa la mviringo linamezeka vizuri na kukwama vizuri kuliko hata la embe. Na la kwenye kachumbari ni marufuku kabisa, kitunguu kinapasua chembe nyekundu za damu za mbwa.

"Mbwa anapenda dafu na kutafuna makumbi." (Tanga)

Maji ya dafu usimfanye mazoea, yana potasiamu nyingi na mbwa mwenye shida ya figo au moyo asipewe hata kidogo. Nazi kipande kidogo sawa, ikizidi ataharisha. Makumbi mnyang'anye, zile nyuzi zinajikusanya tumboni.

"Nasikia mbegu za papai zinatoa minyoo, nimpe ngapi mtoto wa mbwa wa wiki sita?" (Mwanza)

Usimpe hata moja mama. Hakuna kipimo cha mbegu ambacho nitakuandikia nikalala usingizi, na mtoto wa umri huo mwenye minyoo mingi anaweza kufa kwa kuishiwa damu wakati wewe unajaribu mbegu. Nenda duka la dawa za mifugo ukiwa umeshampima uzito, hata kwa mizani ya dukani, uwaambie kilo zake na umri wake. Watoto wa mbwa wanapewa dawa ya minyoo kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili mpaka wafike miezi mitatu, wakubwa kila baada ya miezi mitatu, na mama yake naye umpe siku ileile. Hilo papai kula wewe, yeye mwache kwanza ashike chakula chake vizuri.