Barua kwa mwanangu: kete ulizozirudisha

Mwanangu,

Umeniuliza sura moja ya kitabu isomwe mara ngapi ndipo ikae kichwani. Unasema umeirudia mara nne, mistari yote umeipaka rangi, na kesho yake ukiulizwa huna kitu. Swali lako limenirudisha kwenye ile jioni ya drafti.

Unaikumbuka, najua. Kaka yako huisimulia kila tukikutana, na kila mara anaitia chumvi. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuuliza saba mara nane, ukatazama dari. Nikarudia, ukasema hamsini na nne. Nikapandwa na hasira, nikapiga meza, kete zikamwagika sakafuni na mchezo wenu ulikuwa katikati. Nikakuita jina ambalo sitaliandika hapa. Hukulia. Ulipiga magoti, ukaziokota moja moja, ukazirudisha ubaoni kila moja mahali pake, hata ile ya kaka yako iliyokuwa ukingoni, imebakiza hatua moja iwe kingi. Kaka yako akakagua, hakuona kosa. Mtoto ambaye eti hana kumbukumbu!

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma habari za Chase na Simon, wanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1973 waliwaonyesha watu ubao wa sataranji kwa sekunde tano tu, kisha wakawataka wapange kete kama walivyoziona. Bingwa alirudisha nyingi, anayeanza akarudisha chache. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, bila kufuata mchezo wowote, bingwa hakuwa na tofauti ya maana na yule anayeanza. Kumbe hakuwa na jicho la ajabu. Alikuwa haoni kete, anaona shambulio hapa, ulinzi pale. Nawe jioni ile hukuwa umekariri kete, ulikuwa unaujua mchezo. Ndiyo maana nasema kila siku, na mama yako amechoka kunisikia: kujua si kumeza.

Ingawa, hebu nijibishane mwenyewe. Saba mara nane ni kumeza, na bado ningekudai. Kumbukumbu ya papo kwa papo ni kiganja kidogo. Mwanasaikolojia George Miller mwaka 1956 aliikadiria vitu saba, ukiongeza au kupunguza viwili, na waliokuja baadaye wakashusha hadi vinne hivi. Ukianza kuitafuta saba mara nane katikati ya hesabu ndefu, kiganja kinajaa, hesabu yenyewe inadondoka. Kwa hiyo kukudai sikukosea. Nilikosea kwenye meza. Na lile jina.

Haya, mara ngapi? Roediger na Karpicke, nao wanasaikolojia, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi kifungu. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likaandika lilichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83 ya kifungu, wenzao 71. Baada ya wiki wakabaki na 40, wenzao 61. Na waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka ni hao hao wa mara nne! Basi soma mara moja, funga kitabu, jikamue. Ukikwama usikimbilie kukifungua. Hiyo rangi inakufanya uuzoee ukurasa tu, kama unavyozoea sura ya mtu unayepishana naye kila siku na jina lake hulijui.

Mama yako ameniambia unafikiria kuacha kozi. Hilo mimi hukuniuliza. Nina la kusema, liko kwenye ncha ya ulimi, na hapa nimeliandika mara mbili nikalifuta. Basi silisemi.

Jana niliutoa ule ubao juu ya kabati, nikajaribu kuzipanga kete kama zilivyokuwa jioni ile. Niliweza moja tu, ile ya ukingoni.

Baba yako